Habari za Jumatano

Jumatano, zamu zikiisha, tunapigiana simu watatu:
mimi Hexham, Zuwena Carlisle,
Nyamvula kule Gateshead anakoendesha basi.
Hatuna siri kubwa. Tuna mambo madogo,
tunayamenya kama chungwa kwa ganda moja,
taratibu, lisikatike.

Nyamvula ndiye huanza. Jumapili
alimpeleka mwanawe Whitley Bay kuona bahari ya kijivu.
Wakanunua samaki na chipsi, wakaketi ukutani,
makoti hadi masikioni.
Shakwe akashuka, akaondoka na samaki mzima
bila hodi.
Mtoto hakulia. Aliuliza tu: Mama, na yeye ana watoto?
Basi wakamwachia na chipsi.
(Wiki ile panya wake wa kufuga alikuwa amekufa,
akazikwa kwenye chungu cha mnanaa.
Tangu hapo, kwa Nyamvula,
chai ya mnanaa tunaikataa kwa adabu.)

Zuwena yeye hasemi, hutunga. Alikohoa, akatusomea:

    Paka wangu karejea, siku nne zimepita,
    Mlangoni katokea, tumbo lajaa mafuta,
    Jirani alimlea, kwa jina jipya kamwita,
    Machozi niliyomwaga, yeye akila nyama.

Nikamwambia, shoga, vina vimekwenda wapi,
na mstari wa mwisho umepungua mizani moja.
Akajibu: hiyo moja kaila paka.

Yangu ni ya mbwa. Mama asiambiwe.
Biskuti niliachiwa na Doreen wa mlango wa pili
siku alipohamia nyumba ya wazee
na begi moja na redio.
Ana miaka kumi na minne, jicho moja limeingia ukungu,
ngazi anazipanda kama mtu anayesoma barua ya benki:
anasoma, anapumua, anarudi nyuma.

Mnakumbuka mwezi uliopita, nikawaambia, tulivyokwenda Kielder
kwa sababu tulisikia giza la huko ni giza safi,
halijaghushiwa na taa?
Darubini ya kuazima, mablanketi manne,
chupa ya chai ya tangawizi.
Tukaketi hadi saa nane usiku. Wingu nalo likaketi.
Nyamvula akasema, angalau giza tumeliona,
tukacheka mpaka bundi akahama mti.

Sasa sikilizeni ya jana.

Saa tisa usiku Biskuti ananiamsha; kibofu cha mzee hakina subira.
Natoka na ndara, koti juu ya kanga,
tunasimama uani kati ya mapipa mawili ya taka.
Majani yamekakamaa kwa barafu, yanalia chini ya miguu.
Yeye anazunguka, ananusa, anakataa,
anachagua pa kukojoa kama anayenunua kiwanja.
Na mimi, kwa kuchoka kumtazama, nikatazama juu.

Kilimia.

Juu ya paa la Doreen, juu ya dirisha lisilo pazia,
kimejikusanya vilevile,
kama wanawake wanaonong'onezana mlangoni mwa arusi.
Kwetu kikitokea, majembe hutafutwa.
Hapa ardhi ni sahani, nani atalima?
Lakini kimekuja tu, hakikuuliza.
Nikahesabu sita. Ya saba nilikuwa naitafuta
Biskuti alipomaliza, akaniegemea mguuni
kwa uzito wake wote,
nami nikasahau nilipofikia.

Picha ulipiga? wakauliza kwa pamoja.

Nilipiga. Imetoka nyeusi tupu
na ncha ya mkia.
Nikawatumia hivyo hivyo.
Zuwena akasema anaona kitu, pale pembeni, kushoto.
Nyamvula akasema hilo ni vumbi la kioo chako, Zuwena,
lakini ukilifuta,
futa polepole.